Chakula Kipitacho: Tambi za Takachiho na Nyumbu wa Natta

Katika kisiwa cha Kyushu, kusini mwa Japani, liko bonde jembamba ambalo mto Gokase umelichimba katika miamba iliyotokana na moto wa mlima Aso. Miamba hiyo imesimama wima kama nguzo za nyumba, maji huanguka kutoka juu yake, na hewa ya chini ni baridi hata siku ambazo nchi tambarare inachomwa na jua la Julai na Agosti. Mahali hapo huitwa Takachiho. Mgeni afikaye wakati wa joto huketishwa kando ya mwanzi mrefu uliopasuliwa katikati, ukaondolewa vifundo vyake vya ndani, ukalazwa kwa mteremko. Maji ya chemchemi hupita ndani ya mwanzi huo. Mtu asimamaye penye kichwa chake hutia tambi nyeupe zilizokwisha kuchemshwa, fungu dogo baada ya fungu dogo, nazo hushuka mbio pamoja na maji. Mlaji hana sahani ya tambi mbele yake. Ana vijiti viwili mkononi, na kikombe cha mchuzi wa soya uliopikwa kwa samaki mkavu, uliotiwa tangawizi na majani ya kitunguu. Akiziona tambi zinakuja huzidaka, akazichovya, akazila. Akizikosa zimempita: ni riziki ya aliyeketi chini yake, na zikiwapita wote huangukia katika ungo uliotegwa mwisho wa mwanzi.

Wajapani huuita mlo huu nagashi somen, maana yake tambi za kutiririshwa. Wauzao safari huutangaza kuwa ni mlo wa jadi, na wageni wengi hurudi makwao wakiamini kwamba wamekula kama walivyokula mababu wa Takachiho miaka elfu iliyopita. Amini usiamini, mlo huu kwa namna unavyoliwa leo hauna hata miaka mia.

Kilicho cha kale hasa ni tambi zenyewe. Katika mji wa Miwa, jimbo la Nara, watu huhesabu zaidi ya miaka 1,200 tangu zianze kutengenezwa kwao. Msomaji wa pwani, azijuaye tambi za kukaangwa kwa sukari na hiliki, asidhani kwamba hizi ni zile zile. Somen hukandwa kwa unga wa ngano, maji na chumvi, zikapakwa mafuta, zikavutwa kwa mikono tena na tena hata ziwe nyembamba kama uzi. Kipimo cha siku hizi kwa zile za mashine hakiruhusu unene wake ufike milimita 1.3. Kazi hii hufanywa wakati wa baridi kali, kwa sababu hewa ya wakati huo ni kavu, nao wakulima huwa hawana kazi shambani. Kisha tambi hukaushwa na kuwekwa ghalani, na zilizo bora huachwa zikae mwaka au zaidi kabla ya kuuzwa. Hivyo mkulima wa Japani alifanya kazi ya baridi ili apate kula wakati wa joto, siku ambazo mwili huchoka na wali wa moto haumezeki.

Ama ule mwanzi, habari yake ni hii. Husimuliwa kwamba watu waliokuwa wakifanya kazi nje, mashambani na milimani, walichemsha tambi huko huko kazini, wakakata mwanzi uliokuwa karibu, wakazipitishia maji ya baridi ili wapate chakula cha kuwaburudisha katika jua. Haikuwa karamu wala sherehe. Ilikuwa ni hila ya mtu mwenye njaa na mwenye kazi nyingi. Mwaka 1955, katika miaka ambayo Wajapani walianza tena kusafiri kwa matembezi baada ya taabu ya vita, nyumba moja ya chakula katika bonde la Takachiho iliichukua hila hiyo ya mashambani ikaifanya biashara. Mwanzi ukawekwa, viti vikapangwa, wageni wakaitwa. Miaka saba baadaye, yaani mwaka 1962, mji wa Kaimon, ulioko pia katika Kyushu na ambao sasa umo katika mji wa Ibusuki, ulifungua mahali pake penye chemchemi ya Tosenkyo. Huko mwanzi uliachwa; mahali pake pakawekwa bakuli la duara ambalo maji huzunguka ndani yake, hata tambi iliyomkwepa mlaji humrudia. Jambo la kutazamwa hapa ni mwenye mali. Chemchemi ile, ambayo husemwa kwamba hutoa maji yapatayo tani 100,000 kwa siku, iliendeshwa na serikali ya mji wenyewe, na fedha za wageni zikaingia katika mfuko wa mji.

Basi ndivyo mlo wa kazi ulivyogeuka kuwa mlo wa matembezi, na mlo wa jana ukaitwa wa jadi. Hapana aliyedhulumiwa kwa jina hilo. Mkulima wa Takachiho hakuzuiwa kupasua mwanzi wake nyuma ya nyumba yake, na watoto wa Japani hadi leo hufanya hivyo katika viwanja vya shule na vya mahekalu wakati wa likizo. Mwaka 2016 watu wa Gose, mji wa jimbo lile lile la Nara, waliunganisha mianzi hata ikafika urefu wa zaidi ya mita 3,300, wakatiririsha tambi toka mwanzo hata mwisho, kwa furaha tu na kwa kutaka kuandikwa katika kitabu cha mambo makubwa ya dunia.

Sheria ya mlo huo ni moja: chakula hakimngojei mlaji. Hupita kwa wakati wake na kwa njia yake, na aketiye kando ya njia hupata kwa kadiri ya wepesi wa mkono wake. Sheria hii haikubuniwa Japani. Katika Afrika Mashariki wako watu walioishi kwayo muda mrefu kabla ya 1955, ila mfereji wao haukuwa mwanzi, bali nchi nzima iliyo kati ya nyanda za Serengeti na ghuba ya Speke katika Ziwa Viktoria. Na kilichopita ndani yake hakikuwa tambi, bali nyumbu wa porini. Watu hao ni Wanatta wa mkoa wa Mara, pamoja na majirani zao Waikoma na Waisenye, ambao lugha zao zimekaribiana mno. Mlo wao nao uliwavuta wageni kutoka mbali. Lakini mambo yaliyoupata si kama yaliyoupata ule wa Takachiho.

Mwendo wa nyumbu wajulikana. Huzaa katika nyanda za kusini, penye majani mafupi, kama mwezi wa Februari. Mvua za masika zikikoma, majani yale hukauka na maji ya madimbwi huwa na chumvi nyingi. Ndipo makundi yashikapo njia ya kaskazini na magharibi. Mwezi wa Juni na Julai mengi yao huwa katika nchi ya mto Grumeti, kusini na mashariki ya makazi ya Wanatta. Kufika Agosti na Septemba yamekwisha kukaza mwendo kuelekea mto Mara na nchi ya Kenya, na mvua za vuli zikianza hurejea kusini. Kwa hiyo Natta hupitiwa kwa majuma machache tu, nayo majuma hayo huangukia kiangazi, kazi ya shamba ipunguapo na mikono ya vijana ikiwa mitupu. Asiyejiweka tayari mwezi huo hangojei kesho, hungoja mwaka.

Wanatta wenyewe, wakisimulia asili yao, hawasemi kwamba walitokana na wawindaji peke yao wala na wakulima peke yao. Husema kwamba mtu wa kwanza alikuwa mwindaji, jina lake Nyamunywa, na mke wake, Nyasigonko, alikuwa mkulima wa nafaka. Masimulizi ya asili hayapimwi kwa mizani ya tarehe, lakini yanaeleza sahani ya chakula kwa usahihi kuliko hesabu nyingi za serikali: nusu ni nyama ya porini, nusu ni wimbi na mtama. Aliyeiondoa nusu moja aliuvunja mlo, na kwa maana hiyo aliivunja ndoa ile ya kwanza.

Uwindaji wao ulikuwa kazi ya maarifa. Walitumia upinde na mishale yenye sumu, na sumu ya nchi hiyo ilisifika hata ikawa bidhaa ya kuuzwa kwa majirani. Walichimba pia marima, yaani mashimo ya kutegea, katika mapito ambayo makundi hayawezi kuyaepuka. Hapa ndipo mfano wa mwanzi unapofaa zaidi kuliko mahali pengine popote: mtega rima hamfuati mnyama. Anajua njia, anajua mwezi, anakaa kando. Nyama iliyopatikana haikuliwa yote siku ile. Ilikatwa vipande virefu vyembamba ikaanikwa juani, na nyama kavu ya namna hiyo huitwa kimoro. Kama vile mkulima wa Miwa alivyokausha tambi za baridi azile wakati wa joto, ndivyo mwanamke wa Natta alivyoweka kimoro cha kiangazi kisaidie ugali katika miezi ya kupalilia, wakati ghala iko chini na shamba halijatoa kitu.

Thamani ya akiba hiyo ilionekana mwishoni mwa karne ya 19. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki ukaua ng'ombe wasiohesabika, ukaua nyumbu na nyati pia. Njaa na ndui vikafuata. Nchi ya magharibi ya Serengeti iliteseka sana, na watu wengi walikwenda Usukuma kutafuta nafaka. Baada ya dhiki hiyo Wanatta hawakujenga upya maisha yao kwa mkopo wala kwa msaada. Walijenga kwa mikia ya nyumbu. Wasukuma waliipenda singa ya mikia hiyo kwa mapambo ya kuvaa mikononi na miguuni, nao Wanatta na Waikoma wakaipeleka huko pamoja na sumu ya mishale, wakarudi na mifugo. Ng'ombe wengi wa Natta katika karne ya 20 walikuwa, kwa namna hiyo, ni nyumbu waliogeuzwa. Mtu akisema kwamba kuwinda kulikuwa mchezo wa watu wasio na kazi, na aihesabu mifugo hiyo kwanza.

Wajerumani walijenga boma katika Ikoma mwanzoni mwa karne hiyo, wakaondoka na vita vya kwanza. Waingereza wakaja na sheria za wanyama. Kwa muda mrefu sheria hizo zilikuwa zaidi katika karatasi kuliko katika pori. Badiliko lilikuja mwaka 1951, Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilipoanza kusimamiwa kwa kweli, na ndani yake ikatiwa ile nchi ya Grumeti ambayo nyumbu huipita. Mipaka ilibadilishwa mwaka 1959, lakini sehemu hiyo ya magharibi ilibaki ndani. Toka hapo aliyeketi kando ya mfereji wa baba zake, akanyosha mkono, aliitwa jangili. Askari walifukia marima, wakachoma mishale, wakapeleka watu mahakamani. Hapana Mnatta aliyeulizwa kama anakubali.

Linalotia uchungu katika habari hii ni kwamba mfereji ulifungwa wakati maji yalipokuwa yanaanza kujaa. Mwezi wa Januari 1958 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliwahesabu nyumbu kwa ndege wakapata 99,481, hesabu ambayo huenda ilikuwa pungufu. Hesabu ya 1961 ilipata kama 260,000. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamefika milioni moja na laki tatu hivi, na tangu hapo wamekaa karibu na kiasi hicho. Wasomaji wa filamu na vitabu vya wakati ule walifundishwa kwamba Serengeti inakufa kwa mishale na matanzi. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha sababu nyingine iliyo kubwa zaidi: sotoka. Ng'ombe wa wafugaji waliozunguka nyanda hizo walipochanjwa, ugonjwa ulikwisha katika ng'ombe na ukakoma katika nyumbu, na makundi yakaongezeka mara nyingi. Watu wa kandokando, ambao ng'ombe wao walichomwa sindano, walichangia wingi huo. Lakini karamu iliandaliwa, wao wakiwa nje ya uzio.

Haki yataka upande wa pili nao usemwe. Hifadhi imefanya kazi. Watu wa mkoa wa Mara leo si wale wachache wa 1900, na tanzi la waya si upinde: halichagui mnyama, halichoki, na mtegaji huweza kuyatega mengi asirudi kuyatazama yote. Katika miaka ya 1990 watafiti walikadiria kwamba nyumbu kama 40,000 waliuawa kila mwaka kinyume cha sheria, na wengi wa waliouliwa hawakuingia katika chungu cha mtegaji bali katika biashara ya miji na vijiji vya mbali. Asemaye kwamba marima ya zamani yarudishwe kwa idadi ya watu ya leo hasemi neno la akili. Swali la Natta halikuwa kama nyumbu walindwe au wasilindwe. Lilikuwa ni nani akae kando ya mfereji, na kwa ruhusa ya nani.

Majaribio ya kulijibu yamekuwapo. Mwaka 1993 mradi wa hifadhi wa Serengeti ulianza kuvuna nyumbu kwa halali na kuwauzia wanavijiji nyama kwa bei nafuu. Wazo lilikuwa jema, hesabu ikawa mbaya: magari, mafuta, risasi na mishahara vilikula zaidi ya nyama yenyewe ilivyoleta, na ndoo ya nyama iliyoletwa kwa lori haikumpa kijana wa Natta kazi wala heshima ambayo babu yake aliipata kwa upinde. Mwaka uliofuata, 1994, mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo yalitangazwa, na mpaka ukasogea karibu zaidi na mashamba. Baadaye ikaanzishwa jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori ya Ikona, ambamo vijiji kama Robanda na Nata-Mbiso vilitoa ardhi yao vipate sehemu ya fedha za wageni. Hapa walau jina la kijiji limeandikwa katika daftari, na zahanati na madarasa yamejengwa kwa fedha hizo. Ingawa mgawanyo wake umezua maneno mengi katika mikutano. Mwaka 2020 serikali ilitoa kanuni za uuzaji wa nyamapori, na bucha za leseni zikaanza kufunguliwa katika nchi. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu mtu aliweza kununua nyama ya porini mchana, akaifunga katika karatasi, akapita nayo mbele ya polisi bila hofu.

Na wageni je? Wanakuja, kama wanavyokwenda Takachiho. Mwezi wa Juni na Julai kambi za kando ya Grumeti hujaa watu waliolipa fedha nyingi ili wakae ukingoni watazame nyumbu wakivuka na mamba wakiwangoja. Jioni meza zao hutandikwa porini, taa za kandili zikawashwa, na mlo huo nao hutangazwa kuwa una ladha ya Afrika ya kale. Nyama iliyo mezani kwa kawaida ni ya ng'ombe au kuku, na pengine imeletwa kutoka Arusha. Mhudumu aiwekaye mezani aweza kuwa ni mjukuu wa mchimba marima. Hupokea mshahara, huvaa kitambaa kizuri, na akiulizwa na mgeni kama wenyeji wa hapa walikula nini zamani, ana jibu lililo refu kuliko muda aliopewa.

Hapo mlo wa Takachiho na mlo wa Natta huachana kabisa. Kule hila ya wakulima ilipata umri wa miaka michache tu ikavikwa joho la ukale, na mwenye mwanzi akabaki na mwanzi wake. Hapa desturi iliyotangulia boma la Mjerumani ilinyimwa jina la desturi, ikapewa jina la kosa. Nalo jina la jadi likapewa kandili na kitambaa cha meza.

Nyumbu wenyewe hawasomi ramani. Katika miaka ambayo mvua hukoma mapema hutoka katika pori la akiba usiku, wakaingia katika ardhi ya vijiji, wakachanganyika na ng'ombe malishoni, wakala majani na kunywa maji ya visima vya mifugo. Wazee wa Natta huwasikia wakilia gizani, sauti ile nzito kama ya vyura wakubwa. Asubuhi watoto hutoka kwenda shule wakakuta nyayo njiani na mavi yaliyo bado mabichi. Baada ya majuma machache sauti hupungua, kisha haisikiki tena. Makundi yamekwisha kuelekea Mara.